Hema la Mheshimiwa

Kwa miaka mingi muuza magazeti mmoja wa hapa Nairobi alikunywa chai yangu kila Jumatano, na aliipata kwa haki, kwa kunishinda.

Meza yake iko karibu na jengo la Nyaraka za Kitaifa, si mbali na sanamu ya Tom Mboya, pale ambapo watu wa mji huu hupeana miadi ya kukutana. Wateja wake wengi hawanunui. Wanasimama, wanasoma vichwa vya habari, wanabishana kidogo, wanakwenda zao kazini. Wengine humpa sarafu ya shilingi 10, wakakodi gazeti kwa nusu saa na kulirudisha limekunjwa kama walivyolikuta.

Safu yangu ilitoka Jumatano. Nikifika asubuhi nilimkuta hajaufungua ukurasa wa maoni. "Mwalimu, wiki hii tunazungumzia nini?" Nilimtajia mada tu, mfano fedha za kaunti au mbunge aliyehama chama. Yeye ndiye aliyeniambia nimesema nini, nani nimemrarua na nani nimemtetea, kisha tukafungua ukurasa pamoja. Akipatia, nanunua chai na mandazi mawili. Akikosea, gazeti ni langu bure. Sikumbuki siku niliyoondoka na gazeti la bure.

Nilicheka pamoja naye miaka hiyo yote. Nilidhani ananisifu. Nilijiona mwandishi mwenye msimamo, mtu ambaye hata muuza magazeti anajua anaposimama. Ilinichukua muda kuelewa kwamba mtu ambaye maoni yake yanajulikana kabla hajayaandika hana haja ya kuyaandika.

Nilianza safu mwaka wa 2005, wakati wa kura ya maamuzi juu ya katiba, nchi ilipogawanyika ndizi, alama ya ndiyo, na chungwa, alama ya hapana. Nilikuwa nikifundisha Kiswahili katika shule moja ya upili ya Eastlands. Mhariri aliyekuwa akizisoma barua zangu kwa gazeti akaniomba maneno 700 kwa wiki. Nilikuwa mtu wa chungwa wala sikuficha. Tarehe 21 Novemba chungwa likashinda, siku mbili baadaye Rais Kibaki akalivunja baraza la mawaziri, nami nikaandika kama mtu aliyefunga bao kwa mguu wake mwenyewe.

Hakuna aliyenilipa kwa hilo zaidi ya gazeti, na malipo ya gazeti yalitosha nauli na mkate. Nalitaja mapema kwa sababu ukigusia uhuru wa waandishi wa safu, watu hukimbilia bahasha. Bahasha ipo. Nimeiona ikitoka mfukoni mwa msaidizi wa waziri hotelini baada ya mkutano na wanahabari, na kanuni za maadili ya wanahabari zinaikataza waziwazi. Lakini bahasha ina umbo. Unaishika, unajua ni bahasha, unaweza kuirudisha. Mimi nimeirudisha mara mbili na nikajisifu kwa wenzangu mara ishirini. Kumbe muda wote huo nilikuwa nimekwisha kujitoa bure, kwa vitu visivyo na bahasha.

Makofi ya wasomaji ni kimojawapo. Ukimchapa mpinzani wa watu wako, simu haitulii. Ukisema neno moja juu ya kosa la mtu wenu, simu inalia vilevile, ila sauti ni nyingine: "Na wewe umenunuliwa lini?" Jina la ukoo ni kingine. Nchini mwetu msomaji huanza makala kwa kutazama jina la mwandishi, akajua kwao ni wapi, na akishajua kwao anakuwa ameshasoma nusu. Niliwahi kuandika juu ya bei ya unga, mada isiyo na kabila, nikapokea barua isemayo, "Tunajua mlikotoka." Baada ya barua kumi za namna hiyo mtu hujikuta anaandika kwa ajili ya wale wanaompenda tu, maana wengine hawatamsadiki hata akiwaletea maji ya kunywa.

Kosa langu kubwa la kwanza lilikuwa la 2008, na sijawahi kuliandika mahali. Uchaguzi ulifanyika Desemba 27, 2007. Matokeo yakagombaniwa, watu wakaanza kuuana. Tume ya Jaji Waki ilikuja kuhesabu waliokufa 1,133. Januari 3 magazeti makuu yalitoka yote na kichwa kimoja cha habari, cha kuomba nchi yetu iokolewe, na siku ile nilijivunia kazi hii kuliko siku yoyote. Baadaye niliona tulichokiacha. Tuliishika amani kwa mikono miwili, swali la kura likatuponyoka. Na wale ambao hawakuliacha, kama mimi, tulilijibu bila kulichunguza. Baadaye mwaka huo Tume ya Kriegler, iliyouchunguza uchaguzi wenyewe, ikasema kwamba haiwezekani kumjua mshindi halisi wa kura ile ya urais. Mimi nilikuwa nimekwisha kumtaja kwa jina katika makala nne, bila neno "huenda" hata moja. Nilimjua kwa njia gani? Sikuwa nimeiona fomu hata moja ya kituo cha kupigia kura. Nilimjua kwa kumtaka.

Sikuandika masahihisho. Nimeyatafuta kwenye boksi ninamoweka vipande vya safu zangu, hayamo.

Sasa nije kwenye hema.

Mama yangu alifariki mwaka wa 2016. Kamati ya mazishi ilikaa nyumbani kijijini, nasi wa Nairobi tukawa tunakutana jioni katika ukumbi wa kanisa huku Umoja, tunahesabu michango ya M-Pesa na kuzozana juu ya jeneza. Siku ya mazishi mbunge wa kwetu alileta mahema mawili, viti, na lori la kubebea waombolezaji. Akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba anaongeza shilingi 50,000. Kaka yangu mkubwa ndiye aliyepokea. Watu walipiga makofi, kina mama wakapiga vigelegele, na saa nane mchana mvua ikateremka kama iliyotumwa.

Ningefanya nini? Nisimame mbele ya jeneza la mama niseme, samahani mheshimiwa, kunja hema lako uende nalo, sisi tutaloa, kwa kuwa mimi ni mwandishi wa safu? Kanuni zinaijua bahasha, lakini hazikuandikwa na mtu aliyewahi kumzika mzazi kijijini msimu wa masika. Kwetu kukataa mchango wa matanga ni kumtukana aliyeutoa na kumwaibisha marehemu. Hata leo, ukiniuliza kama ningelikataa lile hema, nakujibu hapana.

Miezi michache baadaye mwandishi mmoja wa habari katika gazeti letu alileta taarifa kuhusu eneo bunge letu. Madarasa manne ya shule ya msingi, yaliyopaswa kujengwa kwa fedha za hazina ya ustawi wa maeneo bunge, yalikuwa yamelipiwa yakaishia kimo cha madirisha. Nyasi zilikuwa zimeota ndani. Habari ilikuwa na stakabadhi na picha. Mwaka huo huo nilikuwa nimewachanachana wabunge wawili wengine kwa makosa ya aina hiyo hiyo, tena kwa ushahidi hafifu zaidi.

Wiki ile niliandika juu ya Sheng, lugha ya mitaani ya vijana wa Nairobi, na ufundishaji wa Kiswahili. Ilikuwa makala nzuri, na walimu walinipigia kunipongeza.

Hakuna aliyeniomba ninyamaze. Mheshimiwa hakunipigia, wala sidhani alijua kama nimeiona ile taarifa. Mhariri hakunielekeza popote. Nilikaa mbele ya kompyuta, nikaandika jina lake, nikasikia mvua juu ya turubai, nikalifuta. Muuza magazeti peke yake ndiye aliyenusa. Nilipomtajia mada ya Jumatano hiyo alinitazama kwa muda. "Sheng? Hiyo ni mada ya kukimbilia, mwalimu. Unamkimbia nani?" Nikamnunulia chai haraka.

Mwaka wa 2018 ndio ulionivua nguo. Januari 30 serikali ilizima vituo vikubwa vya runinga kwa sababu ya kurusha moja kwa moja mkutano wa Uhuru Park, kiongozi wa upinzani Raila Odinga alipojiapisha kuwa rais wa wananchi. Niliandika kwa hasira juu ya kuzimwa huko, na hasira ile siijutii. Kisha Machi 9, wiki zisizofika sita baadaye, Raila na Rais Uhuru Kenyatta wakasimama kwenye ngazi za Jumba la Harambee, ofisi ya Rais, wakapeana mikono. Kalamu ikanilala mkononi. Wiki ya kwanza niliomba udhuru kwamba naumwa. Wiki ya pili niliandika juu ya busara ya wazee, na jinsi salamu moja inavyoweza kuzima moto uliowashinda askari elfu.

Jumatano hiyo muuza magazeti hakubahatisha. Aliisoma yote kwanza, jambo asilolifanya kamwe, akalikunja gazeti. "Zile runinga, mwalimu. Umewasamehe kwa niaba ya nani?"

Mwishoni mwa mwezi huo waandishi 8 wa safu za Kiingereza walitangaza hadharani kwamba wanaacha kuandikia kampuni moja kubwa ya magazeti, wakilalamika kwamba uhuru wa wahariri umeingiliwa. Tuliwajadili kwa minong'ono. Niliwaheshimu, na niseme ukweli, niliwaonea wivu pia. Ili uondoke kwa kishindo lazima kwanza uwe umezuiwa, na mimi hakuna aliyekuwa akinizuia. Katika miaka kumi na mitatu ni makala yangu moja tu iliyolala, nayo iligusa kampuni iliyokuwa ikilipia kurasa za matangazo. Nilinung'unika siku mbili, nikaandika nyingine. Makala zilizolala kichwani mwangu kabla hazijafika kwa mhariri ni nyingi kuliko hiyo moja.

Jioni moja nilitoa lile boksi chini ya kitanda. Nilichukua safu za miaka miwili iliyotangulia, nikazifanyia kile ninachowafanyia wanafunzi wa kidato cha tatu kwenye ufahamu. Nilifunika majina ya watu na vyama kwa kidole, nikapigia mstari msamiati. Nimefundisha Kiswahili zaidi ya nusu ya umri wangu. Nilipaswa kuliona hili mapema. Fedha zikipotea katika kaunti ya upande ule, niliandika "wizi". Zikipotea upande wetu, ilikuwa "dosari katika ukaguzi". Aliyetoka kwetu akaenda kwao alikuwa "kigeugeu". Aliyetoka kwao akaja kwetu "amesoma alama za nyakati". Kiongozi wao "alifoka", wetu "alisisitiza". Vijana wao "wahuni", wetu "wenye ghadhabu". Sikuwa nimesema uongo popote. Kila tukio lilikuwa la kweli, tarehe sahihi, takwimu sahihi. Kibaba ndicho kilichobadilika: kimoja cha kununulia, kingine cha kuuzia.

Niliyemweleza habari hizi ni mwandishi mzee aliyeanza kazi enzi za chama kimoja, sasa anastaafu polepole kwa kusahihisha Kiswahili cha vijana. Nilitarajia anifariji. Akaniambia, "Enzi zetu KANU ilikuwa na gazeti lake, Kenya Times. Lilikuwa Nairobi Times la Hilary Ng'weno, chama kikalinunua mwaka wa 1983. Ukilifungua ulijua jogoo anawika kutoka banda gani, na ulisoma ukijua. Wewe, kijana wangu, unawika vizuri sana, lakini banda umelificha." Akanikumbusha Wahome Mutahi, aliyefungwa 1986, akatoka akaendelea na safu yake ya Whispers, ambamo mtu wa kwanza kuchekwa alikuwa mwenye safu.

Nikamuuliza, basi nisiwe na upande? Mzee akakasirika kidogo. "Nani amesema? Kuku wote wana banda. Mwambie msomaji banda lako, umwambie na nani anakupa mtama, kisha uwike alfajiri ikifika, hata kama ni alfajiri ya kumtia aibu mwenye banda." Kisha akarudi kwenye kazi yake ya kufuta neno "kupitia" katika habari ya kijana fulani, neno ambalo nadhani litamuua.

Nilianza kubadilika, ila si kwa kasi ninayoweza kujivunia. Nilijiwekea desturi ya kumpigia simu kila ninayetaka kumkosoa kabla sijamkosoa, jambo ambalo waandishi wa habari hulifanya kila siku na sisi wa maoni hujisamehe. Mara moja simu hiyo iliniokoa: afisa wa kaunti niliyetaka kumwanika alikuwa ameshahamishwa idara kabla ya ile zabuni. Niliandika pia juu ya uchaguzi wa 2022 bila kumtaja mshindi hadi Mahakama ya Juu ilipoamua Septemba 5. Wasomaji wangu wa zamani walisema nimezeeka.

Lakini hema lilikuwa bado limesimama. Mbunge yule alirudi bungeni 2017, akarudi tena 2022. Mtoto wa pili wa kaka yangu akaanza kupata basari kutoka hazina ile ile. Madarasa yalibaki kimo cha madirisha.

Septemba 20, 2024, Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria ya hazina hiyo inakiuka Katiba, na kwamba shughuli zake zikome Juni 30, 2026. Wabunge walikuja juu, na wa kwetu alikuwa miongoni mwao. Nilijua zamu yangu imefika. Nilimpigia msaidizi wake mara mbili, mheshimiwa akawa mkutanoni mara zote mbili. Niliandika juu ya yale madarasa manne, watoto walioingia darasa la kwanza mwaka wa ile taarifa na kumaliza shule ya msingi bila kuona paa lake, na kwa nini mtu anayetunga sheria za nchi asiwe ndiye anayegawa fedha za shule. Niliandika pia hoja ya upande wake, kwamba bila hazina hiyo watoto wengi wa maskini wangekuwa nyumbani, kwa sababu ni kweli na mmoja wao ni wa ukoo wangu. Mwishoni nikaweka mistari miwili: msomaji ajue kwamba mbunge huyu alitupa hema na shilingi 50,000 tulipomzika mama, na kwamba mtoto wa kaka yangu anasomeshwa kwa basari ya hazina ninayoikosoa.

Jumatano nilifungua gazeti. Makala ilikuwapo. Mistari miwili haikuwapo. Chini yake palikuwa na tangazo la Sacco, lenye familia inayotabasamu mbele ya nyumba mpya.

Hakuna njama. Nafasi ilipungua, msanifu wa ukurasa akakata mkia, kama wanavyokata siku zote. Kila anayefanya kazi hii anajua kwamba panapokatwa ni chini, ndiyo maana jambo zito huwekwa juu. Nami najua hivyo tangu 2005. Deni langu nililiweka mahali ninapojua kisu hupita.

Kaka hakunipigia. Alinitumia ujumbe wa sauti usiku. "Ndugu yangu, siku ile mvua ilinyesha. Wewe ulisimama chini ya hema la nani?" Sekunde nane tu. Nilizisikiliza mara nyingi. Basari ya muhula uliofuata haikutoka, wala hakuna aliyesema kwa nini, nikaanza kulipa mimi. Ninalipa hadi leo, na kaka husema asante kupitia kwa mkewe.

Wiki iliyofuata nilipeleka makala nyingine ya mada hiyo hiyo, ile mistari miwili ikiwa mwanzo kabisa. Mhariri wa maoni alinipigia. "Mwalimu, kweli unataka ianze na matanga? Inaua makala." Nikamwambia aiache ife.

Jumatano nilifika mezani mapema kuliko kawaida. Muuza magazeti aliniuliza mada, nikamwambia leo afungue tu. Akafungua. Akausoma mstari wa kwanza kwa sauti, akatua, akanitazama juu ya miwani.

"Kumbe alikuja matanga."

"Alikuja."

Akavuta kigoda, akakaa, akaendelea kusoma kimyakimya, na mteja mmoja wa kukodi akaanza kulalamika kwamba nusu saa yake inaliwa na mwenye meza.